Aliyemtania Maiti wa Kwenye Video

Mimi sina kipaji cha kutunga. Jambo nikitaka kulieleza nalirudia moyoni mpaka likae sawa, na hili nimelirudia miaka yote hii halijakaa. Lakini lilitokea, Itigi, mchana kweupe, wakati mabanda ya video yalipoanza kuota kila kona. Niamini.

Nilikuwa mtafsiri wa filamu. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi na kwa kurudisha mkanda nyuma, na sikuthubutu kuongeza neno ambalo halikusemwa. Mama aliuza karanga mlangoni mwa banda. Kaka yangu Hamisi alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu Sekenke, akapotea kimya. Ukoo ulitaka tuweke matanga. Mama akagoma.

"Sina maiti, nimlilie nani?"

Siku moja ya mnada nilionyesha filamu ya makauboi, ndugu wawili wanaoteka treni. Naijua yote. Mwishoni mkubwa anapigwa risasi, anafia mikononi mwa mdogo wake.

Akafa. Hapo mzee mmoja wa benchi la mbele, koti refu limejaa vumbi, akasimama na kuanza kumtania maiti, kama watani wafanyavyo msibani.

"Amka wewe. Farasi wa watu umemwacha juani, umelala."

"Subiri mzee, ataamka. Stelingi wa filamu hafi," mtu akadakia.

Banda zima likacheka. Na maiti naye akacheka. Pale pale kwenye kioo. Akajiinua kwa kiwiko, akanitazama mimi, akasema kitu.

"Kasemaje, mtafsiri?" wakauliza.

Ungefanyaje? Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Nikasema kwenye kipaza sauti: "Anasema, mwambieni mama asinisubiri."

Mkanda ukaisha. Mzee sikumwona tena. Nje, chini ya spika iliyopeleka sauti yangu barabarani, sinia la karanga lilikuwa peke yake. Nilimkuta mama nyumbani, jirani anamnyoa nywele kama mfiwa.

"Umesema kwa sauti ya Hamisi," akaniambia. "Waite wajomba zako." Matanga yakawekwa bila maiti.

Ule mkanda niliurudisha mpaka deki ikapata moto. Maiti haamki. Nikawauliza waliokuwemo kuhusu mzee wa koti. Hawakumwona.

"Aliyekuwa anatania si wewe, bwana? Siku ile ulituvunja mbavu."

Mimi? Mimi nisiyeongeza neno?

Hamisi hajarudi, wala hajatokea mtu wa kusema alimwona amekufa. Shamba lake limegawanywa, mchumba wake ameolewa kwingine, jina lake amepewa mtoto wa dada. Mara moja moja mama huniuliza, "Mwanangu, una hakika ndivyo alivyosema?" Namjibu ndiyo. Kisha silali.

Wewe unayewasemea wengine, siku watu wakikuuliza kasemaje, nawe hujui sauti imetoka wapi, sema hujui. Mimi nilitafsiri, na tukamzika ndugu yangu ambaye huenda mpaka leo anatafuta nauli ya kurudi.