Jirani Niliyemwandikia Barua Ahame

Jumatatu iliyopita, kabla sijamaliza chai ya asubuhi, nilipigiwa simu na dada mmoja aliyejitambulisha kuwa ni mtoto wa yule mama wa kambini. Hakuhitaji kueleza zaidi. Nilijua ni mama gani, na kwa jinsi alivyosita nikajua pia lililotokea. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri ile nyumbani kwao Matombo, baada ya kuugua wiki chache, na angezikwa Jumatano. Nilimpa pole, naye akanishukuru kwa upole, kisha akaongeza, kama mtu anayekumbuka agizo, kwamba mama alisema mwandishi, ndivyo alivyoniita, asikose. Wengi waliomjua marehemu hapa Morogoro watamkumbuka kwa sauti yake, iliyoweza kuvuka barabara, mfereji na kelele za mashine ya kusaga, bado ikafika ikiwa na nguvu. Mimi nitamkumbuka kama jirani niliyewahi kumwandikia barua ya kumfukuza. Siwavujishii siri, wasomaji wangu. Yeye mwenyewe alikisimulia kisa hicho kwa kila aliyekuwa tayari kumsikiliza, na hata kwa wasiokuwa tayari.

Nilipohamia mji huu nilipanga mahali panapoitwa kambini, kwenye mteremko ulio juu kidogo ya Kilakala, milima ya Uluguru ikiwa mgongoni. Palikuwa na vibanda tisa vya bati vyenye magurudumu chini, vile ambavyo mafundi wa barabara huvikokota kwa trekta kutoka eneo moja la kazi hadi jingine. Barabara ilipokwisha, bwana mmoja alivinunua, akavipanga mistari miwili, akaweka mawe mbele ya magurudumu, akavuta bomba moja la maji, akaanza kupangisha. Ndani ya kila kibanda kulikuwa na kitanda, meza iliyopigiliwa ukutani na dirisha la kutosha kutoa kichwa. Kuta zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya, wewe ndiye unayetafuta leso. Nilipapenda kwa sababu nilidhani nimepata mahali pa kuandikia kwa utulivu, penye hewa safi na mandhari ya mlima. Sikuwa nimeuliza nani anaishi kibanda kilichofuata.

Aliishi yeye, na kuku wanne, na redio, na kinu. Alfajiri alifungulia kwaya kwa sauti ya juu kabisa. Kwaya ilipokwisha alitwanga kisamvu, na huku akitwanga aliwasema kuku kwa majina, akiwauliza walikotaga na kwa nini wanamficha mtu anayewalisha. Mtu akipita njia ya chini alisalimiwa kutoka juu: afya yake, ya mkewe, ya mahindi yake, na majibu yake yakarudiwa kwa sauti ili sote tuyapate. Mimi nilikuwa wa kwanza kulalamika, ingawa nilijificha nyuma ya wenzangu. Siku moja tulikutana bombani wapangaji kama sita, tukakubaliana apelekewe mwenye kambi barua ya kuomba mama yule ahamishwe. Wakauliza nani ataandika. Wote wakanigeukia, nami, nasikitika kusema, nilifurahi. Niliiandika kwa ufundi wote nilionao. Kulikuwa na sentensi moja humo kuhusu “adha isiyovumilika kwa binadamu mwenye masikio” ambayo niliisoma peke yangu mara tatu nikijipongeza.

Mwenye kambi alikuwa mtu mwoga. Aliisoma barua, akaikunja, akaenda moja kwa moja kumkabidhi mlalamikiwa mwenyewe, akamwambia malizaneni. Mchana ule ule nikasikia hodi mlangoni kwangu. Alikuwa yeye, kajifunga kanga, barua mkononi.

“Shikamoo mama,” nikasema.

“Marahaba mwanangu. Miwani yangu imevunjika mguu. Hebu nisomee hii, nasikia inanihusu.”

Alikaa kwenye kiti changu cha pekee, akanikazia macho mdomoni. Nilikuwa na barua yangu mwenyewe mkononi na sikuweza kuitamka. Basi nikaanza kuisoma barua nyingine, isiyokuwepo. Nikasema wapangaji wote wanamsalimu mama. Wanafurahi kuishi naye. Wangeomba tu, kama haitamsumbua, redio ya alfajiri ipunguzwe kidogo. Pale penye adha isiyovumilika nikasoma “tunakutakia afya njema.” Nilipomaliza aliguna, akaingiza mkono kwenye pindo la kanga, akatoa miwani yenye mguu mmoja, akaishikilia puani kwa vidole.

“Nimeshaisoma mara mbili,” alisema. “Unaandika vizuri kuliko unavyosoma.”

Kisha akacheka, na bati zote za kambi zikacheka naye. Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Alipotulia akanieleza jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanda cha nguo, akisimamia mashine za kufumia. Mle ndani, alisema, ukimpigia mwenzako kelele sikioni hakusikii, kwa hiyo walizungumza kwa kutazamana midomo. Walisengenyana hivyo, walichumbiana hivyo. Kiwanda kilipomwachisha kazi alitoka akidhani dunia imenyamaza. Redio aliifungulia mpaka mwisho kwa sababu hapo ndipo alipoanza kuisikia, kwa mbali, hasa akiweka kiganja juu yake. Na akisema kwa sauti ya kawaida, alijiona kama hajasema kitu.

“Sasa niambie wewe,” akasema. “Kelele zenyewe mimi sizisikii. Nitajuaje kwamba nazipiga?”

Tukakubaliana kwamba nikiwa naandika nitaning'iniza kitaulo cha njano dirishani, naye akikiona atazima redio na kuacha kutwanga. Mkataba huo aliuheshimu kwa moyo wote. Tatizo ni kwamba kila baada ya dakika kumi alitoka nje, akakitazama kitaulo, kisha akauliza kwa sauti iliyofika Mwembesongo: “Mwandishi! Bado tu?” Wapangaji wengine waliniambia kwa siri kwamba heri redio.

Tangu siku ile akawa ananichukua kila Jumamosi kwenda naye sokoni. Mwendo wa nusu saa kwa miguu ulikula asubuhi nzima, maana hapakuwa na muuza vitumbua, fundi cherehani wala mtu wa bodaboda ambaye angepitwa bila kusalimiwa. Kwa kila mmoja nilitambulishwa kwa namna moja: “Huyu ndiye aliyeniandikia barua nihame. Ni mtoto mzuri sana.” Mwanzoni nilijifanya naangalia nyanya. Baadaye nikazoea, na mwisho nikagundua kwamba nusu ya mji ilikuwa ikinijua, nami ninaijua, jambo ambalo kwa tabia yangu ya kujifungia lisingetokea hata ningeishi hapa miaka ishirini. Alinifundisha kuchagua ndizi za Matombo kwa kuzinusa, na akanionya nisimwamini muuza iliki anayekuambia uonje, kwa kuwa mwenye iliki nzuri hana haja ya kukushawishi.

Ikaja masika. Mchana mmoja mvua ilikuwa ikimwagika, na wapangaji wote walikuwa wamejifungia. Nilikuwa mezani naandika, kitaulo kikiwa dirishani, nikaona kikombe changu kinatembea. Kilitembea taratibu hadi ukingoni mwa meza, kikaanguka. Nikadhani ni upepo. Kumbe maji yalikuwa yamechimba udongo chini ya mawe yaliyozuia magurudumu, na kibanda changu kilikuwa kimeanza safari ya kuteremka nami nikiwa ndani. Chini yetu, mteremko uliishia kwenye korongo. Sikujua lolote mpaka niliposikia sauti ambayo nilikuwa nimeiombea ihamishwe kwa maandishi.

“Kibanda kinaondoka! Mwandishi yumo! Tokeni, mwandishi yumo ndani!”

Hakuna mvua wala bati lililoweza kuizuia. Wanaume watatu walitoka, mmoja akiwa na taulo tu kiunoni, wakaegemeza mabega huku yeye akiviringisha gogo lake la kukatia kuni mbele ya gurudumu. Kibanda kililipanda nusu, kikageuka, kikalala kwenye migomba aliyokuwa ameipanda kando ya kibanda chake. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nikikumbatia godoro. Nilipofungua dirisha, dirisha lake lilikuwa hapo hapo, mkono mmoja tu kutoka usoni kwangu, naye amelowa chapachapa, anatetemeka, anajaribu kutabasamu.

“Nilikiona kitaulo,” alisema. “Nisamehe kwa kelele.” Kisha, pumzi ilipomrudia: “Ulitaka mimi nihame, mwanangu, umehama wewe.”

Trekta halikuweza kufika mpaka udongo ukauke, kwa hiyo masika yote tuliishi dirisha kwa dirisha. Tulipitishiana chumvi bila kutoka nje. Sijawahi kuandika kidogo kama miezi ile, na sijawahi kuandika vizuri zaidi.

Nimefikiri sana siku hizi kuhusu watu wa kizazi chake. Waliingia viwandani wakiwa wasichana wenye masikio mazima, wakafuma kanga ambazo mama zetu walitubebea mgongoni, wakatoka na barua ya shukrani na ukimya. Sisi tuliokuja baadaye tunawakuta wakipiga kelele, tunawaona hawana adabu. Mji nao unabadilika. Wenye uwezo tunajenga kuta ndefu, tunaweka geti la chuma, tunaita hayo maendeleo. Mimi ninayeandika haya nilihama kambini miaka mitatu iliyopita, nikapanga nyumba yenye ukuta kama huo. Kuna utulivu mwingi. Kibanda kikianza kuteremka huku kwetu, sijui nani atakiona.

Yeye alirudi kwao Matombo mwaka uliofuata, magoti yalipomkatalia mteremko. Nilimuahidi nitakuwa nampigia simu. Nilipiga mara mbili. Alishika simu akapaza sauti “Nani? Nani wewe?” mpaka salio likaisha, nami nikajiambia kwamba hakuna maana, mama hasikii. Kutoka hapa hadi Matombo barabara ni mbovu, lakini asubuhi moja inatosha. Katika miaka hiyo nimekwenda Dar mara nisizoweza kuzihesabu, kwa mambo ambayo leo siyakumbuki.

Jumatano nilikwenda. Walikuja pia wenzake wanane wa kiwandani, bibi vizee wa Mwembesongo, wamekodi gari. Katekista alipoanza sala kwa sauti ya chini, wao walikuwa wakiulizana kwa sauti ya juu kama ameshaanza. Watu waliwageukia kwa hasira. Mimi nilisogea nikasimama mbele yao, nikawa nayarudia maneno ya katekista kwa midomo, bila sauti, na wale bibi wanane wakanyamaza wote, wakanitazama, wakaitikia amina pale palipostahili. Nilipomaliza nilikuwa nalia.

Baada ya maziko yule binti alinionyesha kiti ambacho mama yake alikuwa akikalia barazani, kikitazama njia. Kila gari likipanda kilima, alisema, mama aliuliza kama ni mwandishi. Basi nawaachia ninyi nilichojifunza kwa kuchelewa. Kila mmoja wetu ana mtu ambaye simu haimfikii, kwa masikio, kwa uzee, kwa ugomvi wa zamani au kwa kukosa mtandao. Tusiseme hasikii. Tumwendee wiki hii, tukae mbele yake, mahali penye mwanga wa kutosha, tuseme naye polepole mpaka auone mdomo wetu.