Zamu ya Mikono Mfukoni

Kiwandani walimwita Kiguu na Njia, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kiti cha msimamizi wa zamu alikuwa nacho, kipya hata nailoni yake haijabanduliwa, ila hakuna aliyewahi kumwona amekikalia. Asubuhi ungemkuta stoo akipigapiga magunia ya unga kwa kiganja. Ukigeuka kidogo, yuko tanurini anamsogeza Mzee wa Moto ili atoe trei mwenyewe. Ukipepesa macho, yuko getini anawafokea madereva wa magari ya mikate. Waliosema haraka haraka haina baraka walikuwa hawajakutana na huyu.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyekwenda kusoma masta. Tena masta ya biashara, ile ya jioni na siku za mapumziko, ambako watu wazima hukaa darasani wakisikiliza habari za mikakati na rasilimali watu. Alikaa huko kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wenzake wa benki na bima walikunja nne wakatulia. Goti lake yeye lilicheza chini ya meza mpaka kalamu za majirani zikaanguka. Ikitolewa kazi ya kikundi, wenzake hawajamaliza kusogeza viti, yeye ameshaandika yote na kuchora majedwali. Walimpenda kwa hilo. Nani asiyependa kubebwa? Asiyempenda kwa hilo alikuwa mhadhiri wao, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini.

"Umewafanyia wenzako kazi yote," alimwambia siku moja. "Wao wamejifunza nini?"

"Si wamepata alama, Mwalimu?"

"Sikukuuliza wamepata nini."

Kiguu na Njia alitoka pale amenuna, akiona anaonewa. Hata hivyo hakuacha kusoma, kwa maana shahada ile alikuwa na shida nayo. Meneja wa uzalishaji alikuwa anakaribia kustaafu, na Mkurugenzi alishasema wazi: akifaulu masta, nafasi ni yake, akishindwa, ataletwa mtu wa nje. Mtu wa nje! Aje amfundishe yeye mkate unavyoiva!

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa vitendo. Kila mwanafunzi angeongoza zamu nzima kazini kwake, mhadhiri akitazama, kwa sharti moja tu: asishike kazi. Aulize, aelekeze, aamue, lakini mkono wake usiguse mashine, trei wala unga. Akigusa, ameanguka. Wanafunzi wakaipa jina, zamu ya mikono mfukoni, wakacheka sana. Yeye hakucheka, na sababu hakumwambia mtu.

Sababu ilikuwa mdogo wake. Huyo waliyenyonya naye ziwa moja ndiye aliyesimamia mashine ya kukandia, na kiwanda kizima kilimwita Bi Unga. Kazini aliingizwa na dada yake huyohuyo, baada ya mama yao kusema, "Mshike mwenzio mkono." Mkono aliushika kweli. Katika kiwanda kile chumvi hutiwa mwisho, unga ukishashikana, na kinachokuja mwisho ni rahisi kusahaulika. Bi Unga alikuwa mchangamfu, mwimbaji, mwenye akili ipendayo kutembea. Chumvi ilimpita mara kwa mara. Unga usio na chumvi hung'ang'ania kuta za bakuli, ukaumuka mbiombio, na mkate wake hutoka mweupe usio na ladha. Kila ilipotokea hivyo, Kiguu na Njia aliuona kwa mbali. Alingoja mdogo wake aende stoo, akapita, akatupia kipimo cha chumvi, akaiacha mashine izunguke, akaenda zake. Hakumwambia. Kumwambia kungekula muda, mtoto angelia, na kazi zilikuwa zinangoja. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wanasema, lakini yeye hakuwa na nafasi ya methali.

Siku ya mtihani ikafika. Juu ya ukumbi wa mashine kulikuwa na chumba cha kioo, na humo Mhadhiri na Mkurugenzi walikaa kitako kama wakwe. Kiguu na Njia alisimama mbele yao, mikono ndani ya koti jeupe, vidole vikifinyanga bitana. Mambo yalianza vizuri. Mashine ya kukata mikate ilikwama, naye badala ya kuruka akatoa kichwa mlangoni, akamwuliza fundi aliye chini, "Unahitaji nini?" Fundi akashangaa kuulizwa. Akasema anahitaji asisongwe, akaitengeneza upesi kuliko siku zote. Mhadhiri akaandika kitu. Kiguu na Njia akatamani kumpokonya kalamu aone ni nini.

Kisha akaona bakuli la kukandia. Unga ulikuwa umeganda ukutani, unavutika kama gundi, na Bi Unga, wimbo mdomoni, alikuwa anashika toroli kwenda stoo.

"Kuna tatizo?" Mhadhiri akauliza.

"Hakuna," akajibu, na miguu ikawa imeshamfikisha kwenye ngazi.

Alishuka mpaka kwenye mashine akasimama. Ndoo ya chumvi ilikuwa pale pale, kipimo kikiwa ndani, hata kunyoosha mkono hakukuhitajika sana. Akitia, umeneja umekwenda. Asipotia, mikate ya maduka yote itaharibika ndani ya zamu yake. Kulikuwa na njia ya tatu, kungoja mwenye kazi arudi, na hiyo ndiyo iliyomtesa kuliko zote. Alihesabu vigae vya sakafu akapoteza hesabu, akaanza upya. Mzee wa Moto alimtazama akiwa tanurini, akatikisa kichwa. Juu kwenye kioo, nyuso mbili zilikuwa zimeinama kumwangalia.

Bi Unga alirudi akisukuma toroli, akamkuta dada yake amesimama kama mlingoti.

"Dada, umefikaje huku? Si uko kwenye mtihani?"

"Niko kwenye mtihani. Hebu utazame huo unga wako."

Bi Unga akachungulia. Wasiwasi kidogo ukamwingia usoni, halafu akatabasamu. "Aa, huu bado tu. Uache upumzike."

"Upumzike?"

"Ndiyo. Ukiuona unanata hivi, usiuguse. Nenda stoo, zunguka kidogo, ukirudi unakuwa umeshika wenyewe. Leo umechelewa tu." Akageukia wasichana wa trei, sauti ikajaa fahari. "Si ndivyo nilivyowafundisha? Unga hautaki kusimamiwa!"

Wasichana wakaitikia kwamba ndivyo. Mmoja akasema hata yeye akipewa mashine atafanya hivyohivyo.

Kiguu na Njia akaelewa. Kumbe mdogo wake hakuwa anasahau tu. Alikuwa na elimu yake kamili, ameijenga kwa macho yake mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, na sasa alikuwa anaigawa kwa wengine. Mwalimu wa elimu hiyo alikuwa yeye dada, amesimama pale na koti jeupe.

"Haushiki wenyewe, mdogo wangu," alisema. "Hauna chumvi. Huwa unasahau. Ukienda stoo, natia mimi."

Mashine iliendelea kunguruma. Bi Unga alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayengoja aambiwe ni utani.

"Mara moja moja, au?"

"Mara nyingi."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuleta."

Wasichana wa trei wakainamisha macho. Bi Unga hakulia, na ingekuwa afadhali angelia. Alichukua kipimo, akamwaga nusu sakafuni, akachota tena, akatia. Alisimama karibu na bakuli bila wimbo, akautazama unga mpaka ukaachia kuta na kujikusanya. Ilichukua muda mrefu. Dada yake alisimama naye, meno ameyauma, hakugusa kitu.

Mikate ilitoka mizuri. Mhadhiri alisema ameona kiongozi akizaliwa, maneno ambayo nadhani huwaambia wengi, ila siku hiyo aliyamaanisha. Mkurugenzi alimshika mkono, akamwita Meneja mbele ya watu. Watu wakapiga makofi. Kiguu na Njia alishukuru huku macho yakizunguka ukumbi kumtafuta mtu mmoja.

Alimkuta chumba cha kubadilishia nguo, amekaa kwenye benchi, ameshavaa viatu vya kurudia nyumbani.

"Nataka kuhamia zamu ya mchana," Bi Unga alisema kabla hajaulizwa. "Wewe ndiye meneja sasa. Nihamishe."

"Kwa sababu ya leo? Mdogo wangu, nisamehe. Nisingesema mbele za watu, ila..."

"Si kwa sababu ya leo. Leo ndiyo siku pekee uliyonifundisha kitu." Alifunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena. "Nilikuwa nawaambia watu nina mkono wa mikate. Mama nilimwambia. Wanangu niliwaambia. Na wewe ulikuwepo, unasikia, unacheka nami."

"Nilikuwa nakusaidia. Mama alisema..."

"Hukuwa unanisaidia, Dada. Ulikuwa huwezi kuningoja."

Kwa kila swali la darasani Kiguu na Njia alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Hapa mikono aliirudisha mfukoni. Alitaka kumkumbatia, alitaka kumbebea mkoba, alitaka kwenda kuzungumza na msimamizi wa mchana sasa hivi ampokee vizuri, amwekee ndoo ya chumvi mahali pa kuonekana.

"Basi nitakungoja," alisema mwishowe. "Kuanzia leo nitakungoja."

Bi Unga alisimama, akachukua mkoba wake mwenyewe.

"Ningoje," alisema. "Lakini ningojee mbali."