Kosa Langu la Ndoo Mbili

Mwaka 1988, nikiwa na miaka thelathini, mume wangu aliniacha Newala na watoto wawili na elimu yangu ya darasa la nne. Sikukaa kulia. Nilikwenda ofisi ya ustawi wa jamii kuomba kazi ya kufagia, nikapewa. Siku ya kwanza Afisa Ustawi wa Wilaya aliniambia, "Mama Zuhura, humu utasikia mengi. Ukitoka, mdomo uache mlangoni." Nikafagia, nikachemsha chai, nikabeba mafaili. Kazi yenyewe niliisoma kwa masikio.

Mwaka wangu wa tano wanunuzi binafsi wa korosho walishaanza kupanda kuja Newala na mizani zao, wakilala kwenye nyumba za watu. Bibi mmoja wa kijiji cha Makote akaja kwa miguu na mjukuu wake wa miaka tisa. Mnunuzi aliyelala kwa mjomba wa mtoto alikuwa amemnajisi. Afisa alikuwa safarini Masasi. Nikawachukua wote wawili kwangu.

Aliyeishi Newala wakati ule anajua habari ya maji: unateremka bondeni alfajiri, unapanda na ndoo kichwani jua limeshakuwa kali. Nilikuwa na ndoo mbili. Nikamuogesha kwa zote, nikafua na gauni lake. Niliona nimefanya jambo kubwa.

Kesho yake Afisa akarudi. "Gauni liko wapi?"

"Kwenye kamba, Bwana. Limetakata."

Akakaa chini. "Mama Zuhura, umefua ushahidi."

Ndipo akanifundisha: mtoto haogeshwi, nguo haifuliwi. Kwanza polisi mkachukue PF3, fomu ambayo bila hiyo hospitali haimpimi, kisha daktari. Tulikwenda, lakini daktari aliandika kidogo, na polisi wakasema kwa hayo kesi haisimami. Mjomba naye akaja, na kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto.

"Tumeshaelewana na yule bwana," akasema. "Naomba mtoto wangu."

Bila kesi, Afisa hakuwa na la kumzuia. Mtoto angerudi nyumba ile ile.

Bibi akamgeukia mjomba, mwanawe. "Nilikuzaa mimi, wewe! Sikukuzaa uje uuze watoto wa dada yako."

Nikasema, "Bwana, aliyemuogesha ni mimi. Niliyoyaona mwilini mwake nitayasema mahakamani."

"Na kosa lako utalisema?"

"Nitaanza na hilo."

Kwa maelezo yangu kesi ikafunguliwa, na yule mnunuzi alicheka kizimbani. "Huyu si mfagiaji tu?" Hakimu akaniuliza nimesoma mpaka wapi. "La nne, Mheshimiwa. Ila nimelea wawili, jeraha la mtoto nalijua." Nikaeleza yote. Bibi akaeleza yake, na mtoto akasema, polepole, kanishika mkono. Yule mtu akafungwa. Mtoto alikaa kwangu mpaka hukumu, kisha akaenda kwa bibi yake, si kwa mjomba.

Afisa angeweza kunifukuza. Badala yake aliandika barua nikapandishwa kuwa msaidizi wa ofisi, nikahamia Masasi. Maafisa watano walinipita pale, wenye digrii zao, na kila mmoja nilimwambia siku anaripoti: kabla ya maji, polisi. Hakuna aliyenidharau. Nawashukuru wote, yule wa kwanza kuliko wote.

Nimestaafu. Nina nyumba ya vyumba vitatu Masasi, ya matofali na bati. Nina mikorosho sitini Lukuledi, mbuzi saba, cherehani, redio. Nina vitanda viwili vya ziada. Kimoja usiku wa leo kina mtoto, ofisi imemleta juzi. Jina lake msiniulize.