Sala Niliyoisali Kwenye Kosta ya Watu

Wacha niseme mwenyewe kabla Mwanahamisi hajawafikia, maana akisimulia yeye mtadhani nilichanganyikiwa. Ni kweli, mimi bibi mzima mwenye wajukuu na kitukuu nilipanda gari la watu nisiowajua, huko Guangzhou, nchi ambayo hata kibao cha choo siwezi kukisoma, nikawaombea abiria wote sala ndefu ya Kiswahili huku nimefumba macho, na nilipofumbua tulikuwa tayari tuko barabara kuu tunakwenda. Haya, chekeni. Mkimaliza niendelee.

Chanzo cha yote ni raha niliyoionja Amerika. Mwanangu Elirehema anaishi huko, na alipohamia kazi upande wa pili wa nchi nilikuwa nimemtembelea, akaniuliza, "Mama, tupande ndege tufike leo leo, au twende kwa gari tulale njiani?" Nikamwambia gari, maana ndege unapakiwa kama gunia, unashushwa hujaona kitu. Jamani! Barabara imenyooka mpaka inakutana na mbingu, mahindi kulia mahindi kushoto tangu asubuhi hadi jua linazama (nikamuuliza Elirehema nani anapalilia yote haya, akasema mashine, nikasema mashine hiyo nayo itakuwa imechoka), treni ndefu hadi unasahau kichwa chake kilipitaje, na anga kubwa hivi, unaona mvua inanyesha shambani kwa jirani na wewe umekaa juani unakula karanga. Na utamu wenyewe uko kwenye kusimama. Kila penye kituo cha kupumzika tunasimama, nanyoosha miguu, namimina chai, nasalimia watu, nauliza majina. Namba hazikai kichwani mwangu hata ya simu yangu mwenyewe, lakini jina likiingia limeingia.

Ndivyo nilivyompata Darlene. Ni kijiji kidogo huko Nebraska, kanisa moja na pampu moja ya mafuta, na Darlene alikuwa ametandaza vitu vyake vya zamani uani anauza, yeye na mumewe Walter na mbwa wao Biskuti. Hapo nikauona mkoba: ngozi ya kahawia, mdomo mpana, pembeni mfuko mrefu wa kusimamisha chupa ya chai isimwagike, ndani vijumba vya miwani na dawa na leso, na kitako kigumu, ukiuweka chini garini hauanguki hata dereva akipiga kona vipi. Darlene aliniambia (Elirehema akatafsiri) kwamba mama yake aliushona mwenyewe kwa ajili ya safari. Nikaununua, na milima yote iliyobaki, ile yenye theluji na ile myekundu kama tofali, niliivuka nao mapajani.

Nikarudi nao Moshi. Kila nikienda nao kanisani wanawake wananishika, "Bibi, umeutoa wapi?" Binti yangu Aneth, kitindamimba, ana duka la mikoba pale mjini, akaona, akasema huu ndio utakaolinyanyua duka, naupeleka China wanitengenezee mingine kama huu. Nikamwambia kama mkoba wangu unaenda China, na mimi naenda China. Alidhani natania mpaka aliponiona kwenye foleni ya pasipoti.

Tukafikia Dengfeng, mtaa wa Waafrika wa Guangzhou, mahali ambapo unasikia Kiswahili hata ukiwa dukani umeinamia masufuria. Lakini kila kiwanda alichokwenda Aneth walimkataa, wanataka oda kubwa, na yeye mikoba aliyokuwa na uwezo wa kuichukua haikufika kiwango chao. Amebaki mmoja tu, Laoban Deng wa Shiling, mji wa ngozi, nje kidogo ya Guangzhou (laoban ni bosi, kila mwenye duka huko ni laoban). Aneth aliongea naye kwa simu ya picha, kwa Kichina chake cha biashara, nami nikaingiza kichwa nikasalimia, nikauliza ya nyumbani (Aneth akatafsiri bila kupenda), nikajua mkewe anaitwa Fang na binti yao ni Lili, anasomea udaktari wa meno. Aneth akanikanyaga mguu. Laoban Deng akasema kiwango ni kiwango, ila mlete sampo, mkoba wenyewe wa mfano, niione. Ndio mlango pekee uliobaki, ukifungwa huo Aneth anarudi Moshi mikono mitupu.

Na wafanyabiashara wa huko wana sheria yao: sampo haionyeshwi mpaka bei ikae, la sivyo kabla hujafika hotelini utaikuta imetundikwa vibanda vitatu. Kwa hiyo Aneth akaniambia, "Mama, beba wewe, kama mkoba wako wa siku zote. Mtu akiuliza, ni mkoba wa bibi." Sasa mkoba wangu wa siku zote ukienda safari mtupu utakuwa mkoba gani? Nikaujaza mayai ya kuchemsha, maandazi na chupa ya chai.

Tulikodi kosta nyeupe, basi dogo, kwenda Shiling, sisi Watanzania kadhaa na Mwanahamisi wa Mombasa, dereva Lao Wu. Tukaondoka kwa haraka, hata sala ya safari hatukusali, jambo lililonikaa rohoni. Njiani nikawa dirishani. Maghorofa yakaisha, nikaona mabwawa ya samaki, nikaona na migomba! Nikapiga kelele, "Migomba, jamani, kama nyumbani!" Mara kikatokea kibao chenye picha ya kikombe na pampu, nami picha nasoma vizuri sana. Nikamgusa Lao Wu begani, simama.

"Bibi," Mwanahamisi akasema, "twaenda hapo karibu tu, hata kiti hakijapata moto!"

"Mama, hapa si Amerika," Aneth akasema.

"Barabara ni barabara," nikawaambia. "Safari bila kusimama ni kutumwa."

Uamuzi wenyewe ndio huo. Nikaacha simu garini inachajiwa, nikashuka na mkoba wangu, nikaenda chooni, nikapiga soga ya mikono na mama mmoja mfagiaji, Ah-Zhen, nikampa yai. Niliporudi, kosta nyeupe iko palepale nilipoiacha. (Yetu Lao Wu alishaisogeza kivulini nyuma ya pampu. Ningejuaje?) Nikapanda. Dereva bado hajapanda, kiti cha mbele kiko wazi, ndicho changu, nikakaa bila kugeuka. Nyuma kimya, mapazia yamevutwa. Nikajua wamenuna kwa kuwachelewesha. Nikasema moyoni, dawa yao ni ile sala tuliyoiruka.

Nikafumba macho, nikaanza kwa sauti. Nikamwombea dereva na matairi yake. Nikawaombea watoto wangu saba kwa majina, na wajukuu wote kwa majina, na kitukuu Glory anayeota meno, na Darlene na Walter (na Biskuti, kama yu hai), na Ah-Zhen wa ufagio, nikamwomba Mungu amlainishe Laoban Deng, yeye na Fang na Lili. Katikati nikasikia gari linaondoka, nikasema vizuri, Lao Wu ana haraka lakini Mungu anasikia hata mbio.

"Amina," nikasema.

Nikasubiri waitikie.

Nikaudhika. Watu wazima, wameokoka, wanashindwa kuitikia? Nikapaza, "Aminaaa!"

Nyuma sauti moja ya mzee ikajibu, "Amina!" kwa lafudhi ambayo si ya Moshi wala ya Mombasa.

Nikageuka. Kofia nyekundu. Kofia nyekundu tupu, safu kwa safu, na chini ya kila kofia bibi au babu wa Kichina ananitazama kama vile mimi ndiye mandhari waliyolipia. Dereva si Lao Wu. Nikatazama dirishani, kituo hakionekani tena. Nikahisi jasho mpaka kwenye nyayo, maana viatu nilishavivua. Na mkoba ninao! Aneth wangu yuko huko nyuma na mlango wake pekee ninao mimi mapajani, umejaa mayai.

Akaja msichana mwenye kibendera, kiongozi wao, jina lake Xiaomei, mwekundu kwa aibu kunizidi. Akaongea kwenye simu yake, simu ikasema Kiswahili kikavu kama mtangazaji: "Bibi, samahani. Nilichelewa kukuona. Sikuweza kumkatiza mzee anayeomba." Barabara ile gari haligeuki mpaka litoke, na kutoka kwenyewe ni mbele. Simu sina, namba sijui. Nikataka kulia. Bibi wa kiti cha nyuma, Liang, akanivika kofia yake nyekundu kichwani, akanipa mbegu za alizeti. Basi nami nifanyeje? Nikafungua mkoba, nikagawa mayai na maandazi, nikamimina chai. Yule mzee wa Amina, Huang, alikula maandazi matatu. Wakaanza kuimba, nikaitikia nisichokijua, na dirishani migomba inapita, na (nisameheni, nilikuwa nimepotea) kwa muda kidogo raha ile ya Nebraska ikanirudia nzimanzima.

Nikaiambia simu ya Xiaomei: Shiling, Laoban Deng, mkewe Fang, binti yao Lili, udaktari wa meno. Xiaomei akacheka, akina Deng wenye maduka Shiling hawahesabiki. Lakini wazee wale walikuwa wanaelekea bustani ya maua upande huohuo, wakanyoosha mikono wote, maua yasubiri, tumpeleke bibi kwanza.

Mngeuona msafara ule sokoni! Kibendera mbele, mimi nyuma yake na kofia, na kofia nyingine nyekundu zote nyuma yangu, Bibi Liang anapiga mayowe kila kona: "Deng! Fang! Lili!" Watu wa maduka wanatoka kutazama. Mpaka mwanamke mmoja akachomoza na mita ya kupimia shingoni, amekunja uso, nani anamwita binti yangu? Nikamtambua kutoka kwenye simu. Nikamkumbatia. "Fang!"

Laoban Deng akanikalisha, akanipa chai, akampigia Aneth. Walikuwa bado kituoni wanagonga milango ya vyoo, Mwanahamisi analia kuliko mwanangu.

Sasa tunamsubiri, na kofia nyekundu hazijui sheria ya sampo. Bibi Liang, ambaye tangu garini macho yake yalikuwa kwenye mkoba, akaukokota mezani, akatoa maganda ya mayai, akasimamisha humo chupa yake ya chai, akautikisa. Haikumwagika. Akamwonyesha mwenzake, naye akatia miwani, Mzee Huang akatia dawa zake za presha, wakaulizana, wakamgeukia Laoban Deng, wanataka kama huo. Akawajibu, sina, meiyou. Wakamjia juu, simu ya Xiaomei ikanitafsiria: kwa nini huna? Wasafiri wote hawa, kutwa tuko kwenye magari, wewe huna? Naye ameshaupindua ndani nje, anapima kwa mita, Fang anaandika.

Ndipo Aneth akaingia anahema, kanga begani, Mwanahamisi nyuma yake. Akaniona. Akaiona kofia. Halafu akaiona sampo yake ya siri, tumbo nje, mbele ya soko zima.

"Mama!" akasema. "Wewe mama!"

"Karibu mwanangu," nikamwambia, "kunywa chai."

"Nilikuambia usimwonyeshe mtu!"

"Sikumwonyesha mtu. Wamejionyesha wenyewe."

Mwanahamisi akaangua kicheko hadi akakaa sakafuni, "Ole wenu, bibi kaja na jeshi lake!"

Aneth akaurukia mkoba kuufunga, amechelewa. Alijua imekwisha, bei haijakaa na mkoba umeshachorwa. Lakini Xiaomei akamsogelea na ile simu yake, ikasema: wazee hawa wanataka mkoba huu, kila mmoja wake, na wa dada zake, na wa mabinti, na Bibi Liang anauliza kwa wenzao wa kikundi cha dansi pia. Laoban Deng akapiga hesabu kwenye kikokotoo, akajumlisha na ya Aneth, akakuna kichwa, akajumlisha tena. Kiwango kimefika. Kimepita! Aneth akaanza kutaja bei, na Laoban Deng alipoipandisha tu, kofia nyekundu zote zikamrukia kwa pamoja, tai gui le, tai gui le, yaani ghali mno, ghali mno, mpaka akainua mikono juu. Akamwambia Aneth, kwa heshima ya bibi, na kitambaa cha ndani chagua unachotaka. Aneth akavua kanga begani, akaiweka mezani: ndani wekeni maua kama haya. Kisha akaja kwangu, akapiga magoti palepale, akalaza kichwa mapajani mwangu, akalia na kucheka vyote pamoja.

Mikoba imefika Moshi. Ukipita stendi asubuhi utaiona, chupa ya chai imesimama pembeni. Elirehema alipompelekea Darlene mmoja, Darlene akapiga simu akilia, na Biskuti yu hai, mnene.

Aibu hata hivyo haijaisha, maana Mwanahamisi hajaacha kuisimulia, na picha yangu na kofia iko kwenye simu za Dengfeng yote. Kusimama njiani sitaacha, msijidanganye. Ila nimejiwekea ahadi moja. Siku hizi nikipanda gari nageuka nyuma kwanza, nawaita kwa majina mmoja mmoja, kila mtu aitike kwa mdomo wake, ndipo nafumba macho.