Jeshi Langu Lilikufa Limeshiba

Sasa hivi nacheka, ndugu zangu, lakini Jumapili ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hapa Landani Watanzania wenzangu wananiita Afande. Ni kweli, nilikaa jeshini miaka tisa. Walipoanza kunisifu kuwa nilikuwa mpiganaji hodari, sikuwasahihisha. Nami nikatia chumvi yangu kidogo.

Basi rafiki yangu Kasimu, dereva wa basi, akanunua mchezo wa vita wa kompyuta.

"Huu ni kama vita vyenyewe, Afande," akaniambia. "Unapanga kila kitu mwenyewe: askari, malori, risasi, chakula. Njoo na shemeji, utufundishe."

Tulipofika kwake, mtaa wa Edmonton hapa hapa Landani, sebule ilikuwa imejaa watu. Nikakohoa kikubwa, nikashika mausi, nikapakia malori yangu haraka haraka na kupiga kambi kando ya mto, penye maji ya kutosha. Watu wakapiga makofi.

Kasimu akashambulia. Nikaamuru askari wangu wajibu mapigo. Kimya! Hawakuwa na hata risasi moja. Kwa mazoea, malori yote nilikuwa nimeyajaza chakula.

Kasimu akasoma kwenye kioo kwa sauti: "Chakula cha miezi mitatu!" Akanigeukia taratibu. "Afande, kwani jeshini ulikuwa kikosi gani?"

Kabla sijafungua mdomo, mke wangu akadakia: "Kikosi? Siku ya kwanza namwona pale kambini, alikuwa ameshika upawa."