Anayeonja Kwanza

Marie-Louise alikuwa na ulimi wa msafiri. Wengine wakiingia mji mgeni huuliza kwanza kazi inapatikana wapi na chumba kinapatikana wapi. Yeye, alipofika Durban na mumewe Baudouin wakitokea Uvira, aliuliza watu wa hapa wanakula nini. Haukupita mwaka alikuwa ameshakula mkate uliochimbwa tumbo na kujazwa mchuzi wa Wahindi, mpaka ukamtiririkia viwikoni. Alikula tambi za Wachina, akala utumbo wa Kizulu akiwa amesimama kando ya barabara, magari yakimpigia honi. Pale saluni mikono yake ilisuka nywele na mdomo wake ukaulizia vyakula.

Ndivyo alivyosikia, mwaka huo wa tisini na nane, habari za mkahawa wa Kijapani kule Morningside. Mpishi wao, mteja mmoja alimwambia, hajifichi jikoni. Anasimama mbele yako na bamba la chuma lenye moto chini, anapika, na wewe umekaa unamtazama.

"Mbele yangu kabisa?" Chanuo lilibaki hewani.

"Mbele yako kabisa, dada. Hata jasho lake unaliona."

Mwingine angecheka, akaendelea kusuka. Marie-Louise alimfikiria mama mkwe wake.

Mama Wabiwa, mama yake Baudouin, alikuwa amekuja kutoka Uvira tangu Pasaka. Mwanamke mcheshi, sauti yake kanisani ilifunika kwaya nzima. Lakini alikuwa na sheria moja: hali chakula cha mtu ambaye hajakionja mbele yake. Kwao sumu si hadithi ya kutishia watoto. Mtu anayekupenda akikupa kinywaji, anafungua chupa machoni pako na kunywa funda la kwanza. Akikupakulia, anamega tonge la kwanza yeye. Asiyefanya hivyo, ama hakulelewa, ama ana lake moyoni. Dada mkubwa wa Mama Wabiwa alikula kwenye arusi ya jirani jioni, na asubuhi wakamlilia. Basi nani angemwambia mama huyu kwamba anaogopa bure?

Shida ni kwamba sheria hiyo ilikuwa karibu kuvunja uchumba wa Peguy.

Peguy ni mdogo wake Baudouin. Alikuwa amempata binti, Huguette, mtoto wa Mzee Ndikumana, mtu wa Bujumbura aliyekuwa na duka la simu huko Pinetown. Siku familia ilipokwenda kujitambulisha, sahani zilitoka jikoni zimeshapakuliwa na kufunikwa, kwa adabu za mjini. Hakuna aliyeonja. Mama Wabiwa, kwa kuwa ni mgeni, hakuomba. Alikaa na sahani yake mapajani, akatabasamu, akasifu mapazia, mpaka mchuzi ukaganda. Wakati wa kuaga, Mzee Ndikumana alisema mlangoni, bila kupaza sauti, "Mtu anayeogopa mkono wangu, binti yangu atamlisha vipi?"

Wazee wa kanisa waliingia katikati, wakaomba Jumapili nyingine. Mzee akakubali, ila alisema wazi: sahani ya mama huyo ikirudi jikoni imejaa mara ya pili, maneno yamekwisha.

Jumapili hiyo ilikuwa kesho.

"Unampeleka mama yangu hoteli?" Baudouin aliuliza huku akifunga viatu vya kazi. Alikuwa na zamu ya jioni bohari, kule Mobeni. "Marie-Louise, utalipia chakula kije kutazamwa."

"Kitazamwe basi. Atazame mpaka achoke kutazama, ale."

"Na huyo Huguette mnamchukua wa nini?"

"Wa kula," alijibu Marie-Louise, na kwenda kuchagua kitambaa cha kichwa.

Walipoingia, Mama Wabiwa alisimama mlangoni akakagua kila kitu kama mtu anayenunua nyumba. Taa za karatasi. Kaunta ambako mzee mmoja alikuwa akikata samaki kwa kisu chembamba. Harufu ya tangawizi na kitunguu kinachokaangwa. Marie-Louise alisikia mate yakimjaa, akatamani kuruka kama mtoto. Walikaa wanne upande mmoja wa bamba: Mama Wabiwa, Marie-Louise kando yake, kisha Peguy aliyekuwa ameshaanza kutoka jasho, na mwishoni Huguette, macho chini, mikono mapajani, kama binti anavyokaa mbele ya mama wa mchumba wake.

Kwanza zililetwa taulo ndogo za moto, zimeviringishwa.

"Ni za nini hizi?" Mama Wabiwa aliuliza.

"Kunawa mikono, mama."

Akanawa polepole, kidole kwa kidole. "Kumbe hawa iko na wazazi," alisema, na Marie-Louise akampiga Peguy teke chini ya meza kwa furaha. Dalili njema!

Ikaja supu ya soya katika vibakuli vyeusi. Imetoka jikoni. Mama Wabiwa alikisogeza chake kando kwa kidole kimoja. Marie-Louise alikunywa chake chote, akala na vipande vyeupe vilivyokuwa chini, akafumba macho. "Eish, mama, kama bahari imekuja kukusalimia."

"Iambie na mimi naisalimia, kwa mbali," alisema Mama Wabiwa.

Ndipo mpishi alipotokea. Kijana mnene mwenye kofia nyekundu, visu viwili kiunoni, jina lake Bhekani, mtoto wa Umlazi. Alizungusha kisu hewani, akakidaka kwa nyuma. Alipasua yai kwa ncha ya mwiko likiwa bado linaruka. Alipanga pete za kitunguu moja juu ya nyingine, akamimina mafuta, ukawaka moto mrefu, na watu wa meza ya jirani wakapiga kelele.

"Yesu!" Mama Wabiwa alishika kifua, kisha akacheka, akasogea mbele. "Peguy, umeona? Wewe hata chai inakushinda!"

"Mama, mimi nitaoa," alisema Peguy.

"Tutaona." Na kicheko chake kikapungua kidogo.

Kamba wakubwa wakatupwa kwenye chuma, wakaimba, wakageuka rangi. Marie-Louise alikuwa ameshika vijiti vyake vya kulia chakula kinyumenyume na hakujali. Kitunguu saumu, siagi, ndimu. Bwana, harufu ile! Bhekani akapakua, sahani kwa sahani, ya kwanza kwa mkubwa wao kama inavyostahili.

Mama Wabiwa alitazama kamba wake. Alikuwa ameona kila kitu, tangu chumvi mpaka ndimu. Marie-Louise alishika pumzi. Lakini mama yule aliisukuma sahani taratibu, ikarudi pale kwa mpishi.

"Mwambie aonje."

"Mama, si umeona mwenyewe akipika?"

"Nimeona mikono. Mdomo sijauona."

Peguy akamtafsiria mpishi kwa Kiingereza, masikio yakimwaka. Pale mwisho Huguette aliinua macho kwa mara ya kwanza, akamtazama mama mkwe wake mtarajiwa, kama mtu ambaye sasa tu ameelewa jambo la zamani.

Bhekani hakukasirika. Aliuliza, "Gogo anataka nile kwanza?" Gogo ni bibi, kwa Kizulu. Kisha akachungulia kuelekea jikoni, maana mpishi haruhusiwi kula mbele ya wateja. Akashusha sauti. Alisema bibi yake huko shamba hajawahi kumpa mgeni chungu cha pombe bila kunywa yeye kwanza. "Anasema ni kutoa sumu. Asipokunywa, mgeni anaondoka, na ana haki."

Peguy alipomaliza kutafsiri, Mama Wabiwa alipiga meza kwa kiganja.

"Mwambie namsalimia bibi yake! Mwambie namsalimia sana!"

Mpishi alikata kipande cha kamba, akakirusha juu, akakidaka kwa mdomo, akatafuna huku amejinyoosha kama askari wa gwaride. Meza nzima ikamtazama koo. Akameza. Mama Wabiwa akavuta sahani, akaacha vijiti vilale, akachukua kamba kwa vidole vitatu, akala.

Akala wa pili. Akafyonza kichwa cha wa tatu.

"Mukeke, samaki wangu wa Tanganyika," alisema mdomo ukiwa umejaa, "usisikie ninayosema, lakini huyu mdogo wako ni mtamu."

Marie-Louise alicheka mpaka machozi. Alikuwa anataka kusimama atangaze kwa mkahawa wote. Lakini akilini alijua: huyu ni mpishi mwenye bibi anayejua mambo. Kesho ni Pinetown, na sahani zilizofunikwa.

Sinia la sushi lilitua, refu, la mbao, mzigo mzima wa rangi: wali uliofungwa kwa mwani mweusi, samaki mwekundu, samaki mweupe, vipande vya tango, na pembeni kifundo cha kitu cha kijani, laini, kimefinyangwa kama jani. Chakula hiki kilitoka kaunta, mikononi mwa yule mzee, hakuna aliyemwangalia akikitengeneza.

"Samaki mbichi?" Mama Wabiwa alirudi nyuma. "Kwetu hii ni ya paka."

"Kwa hiyo paka wa Uvira wanakula Kijapani," alisema Peguy.

"Nyamaza wewe. Nani ataonja hii? Yule mzee wa kisu yuko mbali."

Marie-Louise alikuwa anafungua mdomo kujitolea, na ulimi wake ulikuwa unangoja hilo tangu juma lililopita, Huguette alipomtangulia.

"Mama," alisema, sauti ndogo lakini imara, "hii nitaonja mimi."

Alichukua kipande cha samaki mwekundu kwa vidole. Hakuna aliyekuwa amemweleza habari za kile kijani. Alidhani ni kitoweo chenyewe, na kwa heshima ya mama hakutaka kuonja kwa ubahili. Akakichota chote. Akakiweka juu ya samaki. Akatia mdomoni, akafunga, akatafuna mara mbili.

Macho yakamtoka. Akashika koo. Machozi yakabubujika, pua ikafuata, akataka kusema na sauti isitoke; mkono wake ukapiga hewa.

Kiti cha Mama Wabiwa kilianguka nyuma.

"Sumu! Sumu, jamani! Wameniulia mukamwana!"

Mukamwana ni mke wa mwanao. Hakuna aliyekuwa ametoa mahari, hakuna aliyekuwa amesema ndiyo, na Mama Wabiwa alikuwa ameshazunguka viti viwili, amemkumbatia binti kichwa kifuani, akipiga kelele hadi taa za karatasi zikatikisika. "Mawese! Leteni mafuta ya mawese! Peguy, umekaa tu kama jiwe? Mkeo anakufa!" Hakukuwa na mawese, dawa ya sumu ya kwao, kule Morningside. Akanyakua kile kibakuli cha supu alichokikataa tangu mwanzo, akamwinua Huguette kidevu, akamnywesha kwa nguvu. "Meza, mwanangu. Meza, tapika, fanya vyote. Usiniache."

Bhekani alifika mbio na jagi la maji. "Si sumu, gogo! Ni ukali tu, kama haradali!" Na alipoona maneno hayafiki, alifanya kile alichojua kitafika: akapangusa masalia ya kijani kwenye sinia kwa kidole, akalamba mbele yake. Machozi yakamtiririka mpishi na yeye, akabaki anatabasamu hivyohivyo.

Huguette alikohoa, akavuta pumzi. "Mama... mimi mzima. Inapanda puani tu."

Mkahawa mzima ulikuwa umesimama. Mama Wabiwa aliwatazama wote, akamtazama binti. Kisha akachukua kidole chake mwenyewe, akakipitisha palepale alipopitisha mpishi.

"Mama, acha!" Marie-Louise alisema.

"Kama ni kufa, tufe familia." Akalamba.

Alikunja uso, akapiga guu chini, akapiga chafya zilizogeuza vichwa hadi kaunta. Alipopata macho yake tena, alisema kwa mshangao, "Mafua yangu yamekwisha!" Na watu wakacheka, wengine wakapiga makofi, na Peguy akaokota kiti.

Hakurudi mahali pake. Alikaa pale pa Peguy, karibu na binti, akampangusa uso kwa ncha ya kitenge.

"Nani alikutuma kuonja?"

"Hakuna, mama. Siku ile nyumbani sikujua ulikuwa unangoja nini. Leo nimejua."

Mama Wabiwa aliachia ile ncha ya kitenge.

"Kesho kwenu nani anapika?"

"Mimi na mama yangu."

"Basi sahani yangu msiifunike. Ilete wazi, onja mbele ya baba yako, kisha nipe. Akiuliza, mwambie mimi ndiye niliyeomba. Nilipaswa kuomba siku ile, nikaona haya. Haya hiyo ni yangu, si yenu."

"Na nikionja, mama, utakula?"

"Mtoto, nimelamba moto wa kijani kwa ajili yako. Nitashindwa na wali wa mama yako?"

Peguy alifunika uso kwa taulo, na mabega yake yakatikisika, haikujulikana analia au anacheka. Mama Wabiwa aliinama juu ya lile sinia, akalikagua kutoka kichwa mpaka mkia. Akachagua kipande cheupe. Hakumtazama mpishi, hakumtazama Huguette. Akakitia mdomoni.

Marie-Louise alikuwa na vipande viwili shavuni na cha tatu mkononi. Alipiga miguu sakafuni tu, yote miwili, haraka haraka.

"Hm," Mama Wabiwa alisema, akimeza. "Paka wana akili." Na akanyoosha mkono kwenye kingine.