Chupa ya Mgeni wa Meza ya Tisa

Kwa miaka kumi na minne shangazi yangu alisimama kwenye mlango wa ukumbi wa kulia wa hoteli moja ya mapumziko. Kazi yake ilikuwa moja tu: mgeni asiingie na kinywaji cha kutoka nje. Iwe maji, iwe soda, iwe juisi ya mtoto. Vinywaji viliuzwa mle mle ndani. Bango lilikuwepo ukutani, lakini mtu mwenye njaa hasomi bango.

Waliokaa mlangoni kabla yake walikuwa wanasema, "Mzee, hiyo hairuhusiwi," na mgeni anafura, watu wote wanageuka kutazama. Shangazi alitandaza kitambaa cheupe juu ya viganja kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akasema, "Samahani, nikuhifadhie mahali pa baridi?" Mgeni anajikuta keshatoa. Chupa inaviringishwa isionekane, kadi inachanwa vipande viwili: kipande cha mgeni, kipande cha kufunga shingoni mwa chupa. Wenzake walimwita Mama Samahani. Mpishi alizoea kumtania, "Huyu angekuwa mwizi, tungeibiwa na kumshukuru."

Sheria yake kubwa aliitunga mwenyewe: usimuulize mgeni ndani ya chupa kuna nini.

"Ukimuuliza mbele za watu umempekua," aliniambia. "Labda ni pombe, na yuko na mkwewe. Labda ni maji ya bomba, hana uwezo wa kununua yetu. Wewe pokea, nyamaza."

Mimi naishi naye tangu mama yangu afariki, nikiwa darasa la tano, na shule ikaishia hapo. Jioni alikuwa ananisimulia wageni wa siku hiyo, mimi nasikiliza. Hii ya mzee nimesimuliwa mara nyingi kuliko zote.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mzee alikuja peke yake, mkewe amebaki chumbani akitafuta miwani. Koti limenyooka, chupa ndogo ya plastiki inachungulia mfukoni. Nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu wa mkutano. Shangazi akatandaza kitambaa. Mzee akaishika chupa, akasita.

"Alifungua mdomo," shangazi husema kila mara. "Akawatazama walio nyuma yake, akaufunga. Akanipa. Akaniambia, asante, mwanangu."

Akakaa meza ya tisa. Chakula kilichelewa kwa sababu ya wale wa mkutano. Baada ya muda mhudumu mmoja akaja mlangoni anacheka.

"Mama Samahani, mzee wako kalewa! Jasho linamtiririka, anaongea hata haeleweki. Ile chupa uliyomnyang'anya, naona alianza kuipunguza huko chumbani."

"Acha kumcheka. Msimwaibishe," shangazi akamwambia. "Mwacheni apumzike."

Wakamwacha. Wakasogeza hata chungu cha maua ili watu wasimwone.

Mkewe alipofika alimkuta ameinamia meza. Akapiga kelele, "Juisi yake iko wapi? Ana kisukari! Sukari ikimshuka lazima anywe!" Mtu akakimbia na soda, lakini mzee hakuweza tena kumeza, ikamwagikia kwenye koti. Alikata roho ndani ya gari, kabla ya kufika hospitali.

Jioni ile meneja alimwita shangazi.

"Yule mzee aliingia mikono mitupu. Jumatatu utatia sahihi karatasi inayosema hivyo."

"Na chupa?"

"Chupa gani?"

Akarudi nayo nyumbani kwenye mkoba, ikiwa bado kitambaani. Akaipandisha juu ya kabati. Jumapili hakutia kitu mdomoni. Mchana nikamuuliza, "Ukitia sahihi?"

"Nabaki na kazi."

"Usipotia?"

"Tumemwaga unga, mimi na wewe."

Alasiri mlango ukagongwa. Alikuwa mama mmoja mtu mzima, miwani imemkaa upande. Mkononi ana kipande cha kadi.

"Nimekikuta mfukoni mwa mume wangu," akasema. "Hotelini wanasema hakuna aliyechukua kitu. Mlinzi wa getini ndiye aliyenielekeza kwako."

Nikamkaribisha kiti. Kutoka pale alipokaa, chupa haikuonekana. Niliangalia chini, nisije nikaitazama. Shangazi alikitazama kile kipande cha kadi. Halafu akainuka, akaishusha, akaiweka mezani. Vipande viwili vya kadi vikakutana bila kuacha hata ufa.

Yule mama akakifungua kitambaa polepole. Juisi ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Niliijaza mwenyewe asubuhi," akasema. "Hukumuuliza ni ya nini?"

"Sikumuuliza, mama."

"Ungemuuliza angekwambia. Hakuwa mtu wa kuanza yeye."

Shangazi akafungua mdomo kusema lile neno lake la siku zote. Likakwama.

"Naipeleka polisi," yule mama akasema.

"Ipeleke. Wakiniita nitasema niliichukua mimi."

Hakumshukuru. Hakumlaani pia. Aliifunga upya ile chupa kitambaani, akaibana kwapani, akaondoka.

Jumatatu, kabla ya saa sita, shangazi alikuwa amesharudisha sare. Siku hizi anawafulia watu nguo, na mikono yake imechunika. Mpishi alikuja kumwona mara moja, akatafuta utani, akaukosa.

Juzi nilitoka dukani na chupa. Alikuwa amekaa mlangoni kwetu, majirani wanapita.

"Ndani ya hiyo chupa kuna nini?" akauliza, kwa sauti kubwa mpaka majirani wakageuka.

"Mafuta ya taa, shangazi."

"Ya nini?"

"Ya jiko."

Akainusa kwanza. Ndipo akasogeza miguu nipite.